Mimi mzima, mtoto mzima: siku ya saba narudi kliniki kufanya nini?

Swali: Shikamoo dada. Nina mtoto wa kwanza, naishi upande wa Uyole, Mbeya. Nimejifungua Ijumaa kwenye kituo cha afya, kwa njia ya kawaida, ila niliongezewa njia kidogo nikashonwa. Jumamosi jioni tukaruhusiwa, nesi akaniambia nirudi siku ya saba. Leo ni siku ya nne. Mtoto ananyonya vizuri na ameshachomwa chanjo ya begani. Mama mkwe, ambaye ndiye ananihudumia, anasema mzazi hatoki ndani mpaka arobaini, tena na baridi hii ya Julai. Mume wangu naye anaona tutalipa nauli ya bajaji kwenda kupima uzito wa mtoto tu. Kuna ulazima? Na mimi mwenyewe wanatakiwa wanipime nini hasa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Mimi ni muuguzi mkunga, nimefanya kazi miaka mingi huku Nyanda za Juu Kusini, na swali lako nalisikia karibu kila wiki. Nenda hiyo Ijumaa. Na wakati unajiandaa, usijione kama wewe ndiye mbebaji wa mtoto tu. Hiyo kliniki ni yako pia, na mara nyingi mwenye hatari iliyojificha ni mama.

Nianze na mama mkwe, kwa sababu hajakosea kuhusu arobaini. Sisi hospitali nasi tunahesabu siku 42, wiki sita, muda ambao kizazi kinarudi mahali pake, kidonda kinapona na mwili unajipanga upya. Wazee walizifahamu siku hizo kabla hatujajenga zahanati hata moja huku. Kupumzika, kula vizuri, kutobeba ndoo wala kwenda shambani: yote hayo ni kweli na namshukuru anavyokulinda. Ninachoomba ni kwamba ndani ya siku hizo hizo utoke mara chache kwa saa mbili tatu, ukaangaliwe, kisha urudi kitandani kwako.

Utaratibu wetu Tanzania ni mahudhurio manne baada ya kujifungua: ndani ya saa 48 za kwanza, kati ya siku ya 3 na ya 7, kati ya siku ya 8 na ya 28, na kati ya siku ya 29 na ya 42. La kwanza ulilipata kabla ya kuruhusiwa. Hili la Ijumaa ni la pili, na kama ningelazimishwa kuchagua moja ambalo mama asilikose hata kwa dawa, ningechagua hili. Wakati huo maziwa yanakuwa yameshaingia, kidonda kimeanza kuonyesha kama kinapona au kinaoza, manjano ya mtoto yameshajitokeza kama yapo, na presha ya mama inakuwa kwenye kilele chake.

Hapo kwenye presha nikae kidogo. Watu wengi wanaamini kifafa cha mimba kinaisha mtoto akishatoka. Hakiishi hivyo. Presha ya mama baada ya kujifungua huwa inapanda polepole na kufika juu kabisa kati ya siku ya tatu na ya sita, yaani wakati ambao ameshatoka hospitali na hakuna anayempima. Kwa wengi inapanda kidogo tu na kushuka yenyewe. Kwa wachache inapanda mpaka degedege, kiharusi au kifo, na wapo ambao presha yao ilikuwa ya kawaida kipindi chote cha ujauzito.

Namkumbuka mama mmoja aliyekuja siku ya sita. Alikuja kwa sababu kitovu cha mtoto kilikuwa kimedondoka na alitaka kuuliza kama ni sawa. Mtoto alikuwa mzima kabisa. Nilipomuuliza yeye anaendeleaje alisema hajambo, ila kichwa kinamuuma tangu juzi, labda ni kukosa usingizi. Nikamvua sweta, nikamfunga mkanda wa presha: 168 kwa 112. Nikarudia baada ya dakika chache, ile ile. Tulimpa dawa ya kushusha presha na sindano za magnesiamu salfeti za kuzuia degedege, tukampeleka hospitali na alipona. Baadaye nilifungua kadi yake. Siku mbili kabla alikuwa amepita kituo kingine kwa ajili ya chanjo ya mtoto. Uzito wa mtoto ulikuwa umeandikwa, chanjo imeandikwa, tarehe ya kurudi imeandikwa. Nafasi ya presha ya mama ilikuwa tupu.

Nafasi ile tupu ndiyo inayonifanya nikujibu kwa urefu hivi. Mumeo ana sababu ya kusema watapima uzito wa mtoto tu, maana ni kweli hilo hutokea. Foleni ni ndefu, nesi ni mmoja, akina mama wako ishirini kwenye benchi, na huduma inageuka kuwa mizani na sindano. Lakini hiyo isiwe sababu ya kukaa nyumbani. Nenda, na ukifika sema kwa upole: "Nesi, nimejifungua Ijumaa iliyopita, naomba na mimi nipimwe presha na kuangaliwa." Sijawahi kumwona muuguzi aliyeombwa hivyo akakataa. Na ukipimwa, kaa kwanza dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea, mkanda ufungwe kwenye mkono mtupu. Huku kwetu kwa ajili ya baridi tunafunga mkanda juu ya sweta na kitenge, na namba inayotoka hapo siiamini. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, usirudi nyumbani kabla hujaambiwa kinachofuata. Ikiwa 160 kwa 110, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Baada ya presha watakupima joto la mwili na mapigo ya moyo. Watakulaza wabonyeze tumbo. Siku ulipojifungua kizazi kilikuwa usawa wa kitovu, na kila siku kinashuka karibu upana wa kidole, kwa hiyo Ijumaa wanatarajia kukikuta katikati ya kitovu na mfupa wa kinena, kigumu na kisichouma sana. Kikiwa laini, kikubwa na kinauma, huenda kuna mabaki ya kondo au maambukizi. Watakuuliza damu inatokaje. Sasa hivi ni nyekundu, itaelekea rangi ya waridi au kahawia, kisha majimaji meupe yenye unjano ambayo yanaweza kuendelea mpaka wiki ya sita. Inayotutisha ni ile inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, inayotoka na mabonge makubwa, au yenye harufu ya kuoza.

Kidonda chako kiangaliwe kwa macho. Usione haya. "Unaendeleaje huko chini?" "Vizuri tu" haitoshi, kwa sababu ni wachache wanaoweza kujiona wenyewe. Nyuzi nyingi zinazotumika zinayeyuka zenyewe, kazi yako ni kunawa kwa maji safi kila ukitoka chooni na kubadilisha pedi mara kwa mara. Waangalie na miguu: mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa, na hapo kukandwa ni hatari.

Na kwa kuwa nimetaja kukandwa: najua mama mkwe anakukanda, na sitaki mgombane kwa hilo. Maji ya uvuguvugu mgongoni na kwenye nyonga yanaburudisha. Maji ya kuchemka tumboni hayasafishi kizazi. Kizazi kinajisafisha chenyewe, na kunyonyesha ndiko kunakokisaidia kubana. Nimeona tumbo lililobabuka kwa ajili ya taulo ya moto, mama akashindwa hata kumlaza mtoto kifuani. Mama aliyefanyiwa upasuaji ndiyo kabisa, asikandwe tumboni.

Kuhusu damu mwilini, endelea na vidonge ulivyopewa kliniki wakati wa ujauzito kwa muda watakaokuambia, kwa kawaida miezi mitatu baada ya kujifungua. Ila usivimeze na chai. Sisi watu wa Tukuyu na Mufindi chai ni kama maji, nami nimekulia humo, lakini inazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Meza kwa maji, chai inywe saa moja au mbili baadaye. Kula ndizi, maharage, mboga za majani, mayai, maziwa, chochote kilichopo, bila mwiko wowote wa kumnyima mzazi yai au nyama.

Watakuuliza pia moyo wako ukoje, na wasipouliza sema mwenyewe. Kulia bila sababu siku hizi za mwanzo ni kawaida na hupita ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, ukawa hulali hata mtoto akilala, humtaki mtoto, au yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru, hiyo ni sonona, ugonjwa kama ugonjwa mwingine, una matibabu. Siyo uvivu wala si kurogwa.

Sasa mtoto. Ukitaka kujua kama amepimwa vizuri, tazama kama alivuliwa nguo. Mtoto aliyeangaliwa akiwa amefungwa blanketi, huyo hajaangaliwa. Naelewa kwa nini tunasita. Chumba kina baridi na mtoto analia. Lakini inawezekana kumfunua kwa zamu, juu kwanza ukafunika, kisha chini. Na mizani vilevile. Mara nyingi huku watoto wanapimwa na sweta, kofia na shali, kadi inaandikwa kilo 3.4, wiki inayofuata anapimwa bila shali inaandikwa 3.1, na mama anaambiwa maziwa hayatoshi. Maziwa yanatosha; zile gramu 300 ni za shali. Apimwe mtupu au na nepi kavu tu, na kila mara iwe hivyo hivyo. Jua pia kwamba karibu kila mtoto hupungua siku za kwanza, na kupungua hadi asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa hutokea. Tunachotaka ni awe amerudia uzito wake ifikapo wiki ya pili.

Watahesabu anavyopumua kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Kuanzia 30 hadi 59 ni sawa. 60 na kuendelea, au kifua kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, ni hatari. Joto lake liwe kati ya 36.5 na 37.5. Watatazama kitovu: kinatakiwa kiwe kikavu, bila usaha, na ngozi inayokizunguka isiwe nyekundu. Kama ulipewa dawa ya kupaka ya klorheksidini itumie ulivyoelekezwa. Kama hukupewa, acha kikauke chenyewe. Usikubali kipakwe mafuta, majivu, dawa ya meno wala mavi ya panya au ya ng'ombe, ambayo mpaka leo nayakuta. Watakutazama unavyomnyonyesha, na hapo tulia, usione unachunguzwa. Mdomo uwe umefunguka wazi, kidevu kimegusa titi, sehemu kubwa ya weusi imeingia ndani. Chuchu zikipasuka mara nyingi ni mkao, siyo ngozi yako mbaya. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, na kuanzia mwisho wa wiki hii akojoe walau mara sita. Maji, glukosi, dawa ya mchango, vyote hapana mpaka miezi sita.

Manjano ujifunze kuyaangalia mwenyewe, maana ndani ya nyumba zetu zenye madirisha madogo yanapita bila kuonekana. Mpeleke dirishani mchana, bonyeza kidogo paji la uso au ncha ya pua kwa kidole, achia, tazama rangi kabla damu haijarudi. Kisha fanya hivyo kifuani, kwenye viganja na nyayo. Manjano kidogo usoni kuanzia siku ya pili au ya tatu kwa mtoto anayenyonya na kuchangamka ni jambo la kawaida. Yaliyoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto akawa mlegevu na hataki kunyonya, usisubiri Ijumaa. Kumwanika juani hakutibu manjano ya namna hiyo, na jua letu la Julai lenye upepo litampa baridi juu ya ugonjwa. Anahitaji kipimo cha damu na taa maalumu hospitalini, kwa sababu manjano makali huharibu ubongo.

Kuhusu baridi yenyewe, mama mkwe ana haki ya kuiogopa. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtoto mchanga hana uwezo wa kujitunzia joto kama sisi. Lakini kinachoua watoto wa huku wakati wa kipupwe siyo safari fupi ya kliniki. Kuna jambo la ndani ya nyumba linalonitisha zaidi, jiko la mkaa linaloingizwa chumbani na mlango kufungwa. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na familia nzima inalala isiamke. Hilo jiko litoke kabla hamjalala, tafadhali, hata kama mkaa umebaki vipande viwili. Joto salama kuliko yote ni kifua chako: mtoto akiwa na nepi na kofia tu, ngozi kwa ngozi katikati ya matiti, kitenge kizungushwe, sweta lako juu. Ijumaa msafirishe hivyo hivyo. Ondokeni kwenye saa tatu, jua likiwa limetoka, mbebe kwa mbele, na bajaji iteremshe turubai upande wa upepo. Bodaboda usipande, kwa ajili ya kidonda chako na kwa ajili ya mtoto.

Mumeo anaweza kuuliza kama haya yote si hofu za manesi. Mwonyeshe namba hizi za tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto. Kati ya utafiti wa 2015–2016 na ule wa 2022, vifo vya watoto chini ya miaka mitano Tanzania vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Kazi kubwa sana hiyo. Lakini vifo vya watoto wa siku 28 za kwanza vilitoka 25 tu hadi 24. Chanjo na vyandarua vimewaokoa wakubwa. Hawa wachanga wanakufa kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti na maambukizi, na haya ya mwisho yanahitaji mtu wa kuyaona mapema.

Jingine ni la mikoa yetu hii na nalisema bila kumnyooshea mtu kidole. Utafiti wa VVU wa 2022–2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye maambukizi, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Iringa na Mbeya nazo ziko juu. Kwa hiyo wakikuomba kurudia kipimo wakati unanyonyesha, kubali, hata kama ulikuwa huna wakati wa ujauzito. Mama akiambukizwa wakati ananyonyesha, mtoto yuko hatarini zaidi kuliko kwa mama anayejijua na anayemeza dawa zake.

Kabla ya Ijumaa, kuna mambo ambayo hayasubiri tarehe wala ruhusa ya mtu. Kwako: damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo, kushindwa kupumua, degedege. Kwa mtoto: kukataa kunyonya, kulegea, mwili wa moto au wa baridi, kupumua haraka, degedege, usaha kitovuni, macho yenye usaha. Pigeni 115, ni bure, ni namba ya m-mama ya usafiri wa dharura kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Iandikeni ukutani, na mama mkwe aijue, maana ndiye atakayekuwa nawe mumeo akiwa kazini.

Hudhurio la wiki ya sita nitalitaja kwa kifupi. Mtoto atapata sindano za mapajani na matone, wewe utapimwa tena, na mtazungumza uzazi wa mpango. Usingoje hedhi irudi ndipo uulize. Kunyonyesha kunakukinga endapo tu mtoto hajafikisha miezi sita, hali wala kunywa kitu kingine, na hedhi haijarudi. Likipungua moja, kinga haipo. Vipandikizi na kitanzi haviharibu maziwa. Kipele kitakachotokea kwenye bega lake la kulia, mahali pa chanjo, kinaweza kutumbuka. Usikikamue, usikipake kitu.

Ijumaa beba kadi yako ya kliniki na kadi ya mtoto, nepi mbili, pedi, na kitu cha kula. Na mama mkwe nenda naye, mpe shikamoo yangu. Aingie nawe mpaka ndani, amuulize nesi maswali yake yote ya baridi na ya kukanda, ajibiwe kwa heshima. Tena utamhitaji: presha haipimwi vizuri mama akiwa amemkumbatia mtoto anayelia, kwa hiyo hizo dakika tano amshike mjukuu wake.